Kabla Uuze Ng'ombe Ununue Turbo

Kuna swali naulizwa kila wiki, na wiki hii limetoka karibu na nyumbani kabisa. Kijana mmoja hapa Ndanai, rika langu tu, alinisimamisha sokoni akaniuliza: "Bro, kati ya Subaru WRX na Evo, nichukue gani?" Nikamuuliza pesa ziko wapi. Akasema kuna bonasi ya majani chai ya mamake, na ng'ombe wawili wa kuongezea.

Nilikuwa na jibu la sekunde kumi, lakini halingemsaidia. Kwa hivyo leo naandika lile refu, na linaanzia Kericho mwaka wa 1932.

Februari ya mwaka huo, Kericho alizaliwa mtoto wa Kalasinga aliyeitwa Joginder Singh. Sisi hupanda matatu kwenda Kericho kila siku na wengi wetu hatujui kwamba mmoja wa madereva wakubwa kuwahi kutoka Afrika alizaliwa pale. Na kabla awe dereva wa kutajika, Joginder alikuwa mekanika. Shika hilo, tutalirudia.

Safari Rally ilianza 1953, wakoloni wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Gari zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, na kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe. Wewe unajua barabara zetu za ndani zinafanana vipi Aprili. Kugo wangu hunisimulia vile walikuwa wanakaa kando ya redio kusikiliza nani amekwama wapi. Si nani anaongoza, bali nani amekwama! Na alikuwa na sababu. Mwaka wa 1963 zilianza gari 84, zikamaliza 7. Mwaka wa 1968 zilianza 93, zikamaliza tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Peugeot 404. Hiyo si gari ya mbio, wasee. Hiyo ni gari ya mwalimu mkuu.

Sasa ingia 1965. Joginder na ndugu yake Jaswant walikuja na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, imeshakimbizwa na wengine kabla yao. Kwa lugha yetu ya leo, mtumba. Wakashinda. Mtu wa kununua gari mkononi mwa mwingine, anayejua kufungua injini na kuifunga, aliwapiku waliokuja na timu kubwa za viwanda.

Halafu kuna Porsche. Hapa ndipo wapenzi wa gari za spoti huniangalia vibaya, lakini matokeo yako wazi. Mwaka wa 1972, Sobiesław Zasada alikuja wa pili na Porsche 911. Mwaka wa 1974, Björn Waldegård akawa wa pili na Porsche 911. Mwaka wa 1978, Vic Preston Junior, kijana wa hapa Kenya, akawa wa pili na Porsche 911. Mara tatu wa pili, na katika enzi ile yote Porsche haikuwahi kushinda Safari. Na unajua ni nani aliyempiga Waldegård ile 1974? Joginder wetu wa Kericho, akiwa na Mitsubishi Lancer ya cc 1600. Akarudia kushinda na Lancer 1976.

Najua kuna mtu tayari anapiga kelele: "Na Datsun 240Z je?" Sawa, haki yako. Ile ilikuwa gari ya spoti kweli, milango miwili, boneti refu, na ilishinda 1971 na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta. Lakini hiyo 1973 Mehta alimaliza pointi sawasawa na Harry Källström, aliyekuwa kwa saluni ya Datsun, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Ile gari ya spoti nusura ishindwe na saluni ya nyumba moja. Na huyo Mehta alikuja kushinda mara nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun za kawaida zenye umbo la gari la afisa wa kilimo.

Sisemi gari ya spoti ni mbaya. Nasema historia yetu haijawahi kuheshimu gari kwa sababu ya nambari zilizoandikwa kwenye karatasi. Imeheshimu gari iliyofika, na dereva aliyeijua gari yake hadi ndani.

Basi mapenzi haya ya turbo yalitoka wapi? Yalitoka kwa rally hiyo hiyo. Toyota Celica ya turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986. Halafu ikaja Subaru. Patrick Njiru akatuonyesha kwamba Mkenya mweusi anaweza kukaa ndani ya Subaru na kushindana na wazungu. Colin McRae akashinda Safari 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda 2000 na Impreza. Upande ule mwingine Tommi Mäkinen alishinda 1996 na 2001 na Lancer Evolution, mjukuu wa ile Lancer ya Joginder. Ugomvi wa WRX na Evo unaousikia stejini leo uliletwa na miaka hiyo.

Na kuna sababu ya kisayansi turbo inatuingia damuni watu wa huku juu. Kericho iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida inapumua kwa shida kama mgeni kutoka Mombasa anayepanda mlima. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hivyo haisikii mwinuko sana. Ukitoka Sotik ukikanyaga, unaisikia mgongoni. Sikatai. Ni tamu.

Lakini turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inategemea oili ile ile ya injini. Oili ikichakaa au ikipungua, haikupi notisi ya mwezi mmoja. Gari ya rally ilikuwa na kundi la mafundi wakiisubiri kila kituo. Yako inakusubiri wewe peke yako.

Sasa bei. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Ukileta changa kutoka Japani yenye injini ya lita mbili, kuna ushuru wa forodha asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 25, juu yake VAT asilimia 16. Piga hesabu: thamani inakaribia kuwa mara mbili, na bado hujalipa ada zingine. Maana yake zile Impreza na Evo za miaka ya tisini unazoziona kwa laki chache zimekaa nchini miaka mingi, zimepita mikono mitano, sita. Ukiona turbo ya bei rahisi, jua kuna mtu aliyefurahia kabla yako na amekuachia bili.

Nitakwambia ninavyojua hili. Wengi wenu mnadhani niliacha chuo ili nifanye video. Nimewaacha mdhani hivyo kwa sababu inasikika poa. Ukweli ni kwamba mwaka wa pili, mama alinipa shilingi 90,000, bonasi na pesa za ndama, za karo na nyumba. Nikaunganisha na za rafiki yangu tukanunua saluni ya turbo kuukuu. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kampuni. Tuliinunua usiku, injini ikiwa imeshapashwa moto. Hatukuenda na fundi. Hatukuwahi kuchomoa kijiti cha oili hata siku moja. Mwezi wa nne ikaanza kugonga, kong'-kong'-kong', tukaongeza sauti ya redio. Ndiyo, tuliongeza sauti ya redio. Fundi wa Sotik alipoifungua, alinionyesha vyuma ndani ya oili kama unga wa dhahabu. Injini ya mtumba ilikuwa bei ya karo ya mwaka mzima. Tukaiuza kama mabati.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hiyo gari ilikuwa inabeba nini?" Sikuwa na jibu. Jirani yetu ana Probox iliyobonyea kila upande, inabeba maziwa alfajiri na watu mchana, na imesomesha watoto watatu. Nilikuwa nikimcheka.

Kwa hivyo, wewe wa sokoni, sikwambii usinunue. Penda gari, hata mimi bado napenda. Lakini nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uisikie ikiwaka mara ya kwanza. Beba fundi wako, si wa muuzaji. Pimeni nguvu ya kila silinda. Angalia rekodi yake NTSA. Gawanya pesa zako mara tatu: mbili zinunue, moja ikae, kwa sababu itaitwa tu. Na kama pesa ni za mama, mwambie ni za nini kabla hajamfungulia ng'ombe kamba. Mimi sikumwambia.

Joginder alifariki 2013, na mpaka leo watu humkumbuka kwa kushinda. Mimi namkumbuka kwa vile vidole vyake vilianza vikiwa na grisi.

Jumamosi naenda na huyo kijana Sotik kuangalia gari. Nimemwambia tutapitia kwa fundi kwanza, na nauli ya fundi nitalipa mimi.