Mizani Sawa, Hukumu Tofauti: Arudhi ya Ngonjera na Historia Yake

Uchambuzi wa ushairi wa majibizano katika madarasa yetu huishia mara nyingi kwenye hesabu: mishororo 4, vina vya kati na vya mwisho, mizani 16. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Katika mhadhara huu nakusudia kuonesha kwamba arudhi ya ngonjera imebeba historia ambayo maudhui pekee hayaielezi.

Majibizano ya kishairi ni ya kale kuliko ngonjera za Tanzania huru. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu waliutia uhasama wa miji yao katika tungo. Kila mmoja alikuwa na mji wake nyuma yake, wala hapakuwa na mwamuzi aliyekubaliwa na pande zote mbili. Walioamua ni wapiganaji wa Shela katika miaka ya 1810, si watunzi.

Hali ilibadilika baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwalimu Nyerere aliwahimiza washairi walieneze Azimio, na Mathias Mnyampala akaitikia kwa ngonjera. Vitabu vyake viwili vya *Ngonjera za UKUTA* vilitoka 1970 na 1971, naye alikwisha kufariki 1969.

Tutazame umbo. Katika tarbia ya kawaida kila mshororo una vipande viwili vya mizani 8, hivyo kila msemaji hupata mizani 64 kwa ubeti. Anayezidisha hoja hana budi kupunguza silabi. Ndipo inkisari inapofaa: "ninakokwenda", yenye mizani 5, huwa "nendako", yenye mizani 3. Sheria hii haimpendelei yeyote.

Upendeleo umo katika mbinu za lugha. Kwa kawaida mwenye shaka hupewa maswali, na mwenye kujua hupewa methali na istiari. Mwishoni asiyejua hukiri, na sauti mbili huwa moja. Katika malumbano ya kale kina kilikuwa silaha ya kila upande; katika ngonjera ya siasa kimekuwa daraja la kuvukia kwenye jibu lililokwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi akimaliza kuhesabu mizani, na aulize: ubeti wa mwisho ni wa nani, na nani alimkabidhi? Hapo ndipo arudhi inapokuwa ushahidi wa historia.