Kutoka Rusumo hadi Liemba: Safari ya Jina la Götzen

Tarehe 2 Mei 1894, msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen ulivuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo na kuingia Rwanda. Ulikuwa umeondoka Pangani Desemba 1893, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi ambao majina yao hayapo kwenye ramani yoyote. Kabla Mei haijaisha, Götzen alikuwa amekutana na Mwami Kigeli Rwabugiri, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshatokea pwani ya Atlantiki. Mwaka 1901 alirejea Dar es Salaam akiwa gavana wa koloni lote la Wajerumani Afrika Mashariki. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, amri za kuvizima zilitoka kwake.

Leo Rusumo ni mahali pa malori. Daraja jipya, lililozinduliwa mwaka 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, hupitisha shehena za Bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda. Sikuona alama ya jina la Götzen hapo. Kulifuata jina hilo kulinirudisha nyuma: Benaco, Lusahunga, Nyakanazi, kisha kusini kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma. Huko ndiko lilikopelekwa, likiwa limeandikwa ubavuni mwa meli ya kivita.

Meli ya Graf von Goetzen iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg. Wajerumani walitaka chombo cha kusafirisha askari na kulinda Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na lililopakana na himaya ya Wabelgiji ng'ambo ya pili. Tatizo lilikuwa kuifikisha meli ya mita 71 kwenye ziwa lisilo na njia ya meli kutoka baharini. Wakaifanya kama kitanda cha seremala: ikaungwa kiwandani, ikafunguliwa, ikaungwa tena mwisho wa safari. Vipande vilijaza makasha yapatayo 5,000, vikaenda kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914.

Mafundi watatu walitoka Papenburg pamoja na makasha hayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vita Kuu iliwakuta kazini. Wao, mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika waliyaunganisha mabamba ya chuma kwa ribiti, na meli ikashushwa majini Februari 1915. Ikafungwa mzinga uliookolewa kutoka manowari Königsberg, iliyozamia Rufiji Julai mwaka huo.

Lakini enzi yake ya kivita ilidumu mwaka mmoja tu na kidogo. Waingereza walileta boti mbili ndogo za mwendo wa kasi, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupitia Kongo. Kwa boti hizo waliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Goetzen, kubwa kuliko zote, haikupambana na boti za Waingereza. Mzinga wake mkubwa ulihitajika kwenye vita vya nchi kavu, ukang'olewa. Wakati huohuo majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakishuka kutoka Rwanda. Juni 1916 yalikuwa yameshaitwaa Biharamulo. Njia aliyoingilia Götzen Rwanda ikawa upande walioingilia waliolifunga koloni.

Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao. Kabla ya hapo, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito, wakitarajia kurudi. Hawakurudi, ila grisi ilifanya kazi yake. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la upande wa kusini wa ziwa. Tangu hapo ikabeba dagaa, mahindi, wachuuzi, wagonjwa na wanafunzi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli.

Njia hizi mbili, ya Rusumo na ya ziwani, zilikutana tena wakati wa maafa. Mwishoni mwa Aprili 1994, miaka mia moja kasoro siku chache baada ya Götzen, wakimbizi wa Rwanda wasiopungua laki mbili walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na kujazana Benaco, wilayani Ngara. Mwaka 1997 Liemba ilirudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mei 2015 ikawachukua Warundi kutoka kijiji cha Kagunga, mamia kwa kila safari.

Meli iliyoundwa kutisha watu imeishia kuwaokoa, na hilo halikuwa kwenye mchoro wa Papenburg. Ni kazi ya mafundi na mabaharia wa Kigoma, kizazi baada ya kizazi. Basi atakayeandika kibao cha historia pale Rusumo asiishie kwa jina la aliyevuka mwaka 1894. Awataje wapagazi waliomvusha, na wakimbizi waliovuka miaka mia moja baadaye.