Kwa nini matairi ya gari la mbio hayazunguki bure

Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu katika gari la mbio lenye gia za otomatiki, na matairi yasizunguke bure, si lazima injini iwe dhaifu. Chevrolet Corvette ya mwaka 1997, iliyotengenezwa Marekani, ilikuwa na nguvu za farasi 345. Hata hivyo, katika gia za otomatiki nguvu hiyo hupitia mafuta maalumu, hivyo magurudumu hayashtuliwi kama klachi inapoachiwa ghafla. Aidha, vihisio hupima mwendo wa kila gurudumu. Moja likianza kuteleza, kompyuta hupunguza nguvu ya injini au hulifunga breki. Mfumo huo waweza kuzimwa kwa swichi, lakini barabara ikilowa, magurudumu ya nyuma yaweza kuserereka na gari kumshinda dereva.