Siku Moja Katika Mji Kasoro Bahari

Mwenyeji wa Morogoro akikukaribisha kwao atakwambia, kwa maringo kidogo, kwamba umefika mji kasoro bahari. Hesabu yake ni fupi: milima ipo, maji yapo, matunda yapo, muziki ulikuwepo wa kutosha, na baridi ya asubuhi inatosha kumfanya mtu atoe koti sandukuni. Kilichokosekana ni bahari tu. Jina hilo nalipenda, lakini nina ubishi nalo. Ukiufuatilia mji huu tangu enzi za misafara, karibu kila kilichoujenga kilipanda kutoka pwani, na kila kilicholimwa au kuchotwa milimani kiliteremka kwenda huko huko.

Uingereza, reli ilipofika Brighton mwaka 1841, watu wa London walipata desturi mpya ya kwenda ufukweni asubuhi na kurudi jioni. Sisi tumegeuza kibao. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, watu wa ufukweni ndio wanaokimbilia bara kutembea. Njia kuu ni kilomita 205, na treni inaimaliza kwa saa mbili au pungufu. Kwa basi, ukinasa kwenye foleni ya Kibaha, unaweza kufika Chalinze umeshachoka na hamu ya milima imekwisha. Kwa hiyo ile Moro ya kwenda kulala kwa shangazi sasa ni Moro ya kwenda na kurudi. Tatizo ni kwamba wengi wanashuka stesheni, wanakula kuku, wanapiga picha na mlima kwa mbali na kurudi. Mji wenyewe wanauacha kama walivyoukuta.

Tuanze na mtu ambaye angestahili sanamu kubwa kuliko ya yeyote mjini: Kisabengo. Alikuwa Mzigua, si Mluguru, na katikati ya karne ya 19 alikusanya watu wa kila namna, wakiwemo watumwa waliotoroka, akajijengea ngome chini ya mlima, karibu na maji. Mahali hapo hakupachagua kwa ajili ya mandhari. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita bonde hilo, na aliyelishika bonde aliishika shingo ya biashara. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita maeneo hayo mwaka 1857, jina la Kisabengo lilikuwa tayari linawatia watu hofu.

Henry Morton Stanley alifika mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Kisabengo alikuwa ameshafariki na anayetawala ni binti yake, Simbamwene, ambaye jina lake ndilo lililoitambulisha ngome. Stanley hakuwa mtu wa kusifia vitu vya Waafrika ovyo, lakini hapo alishangaa. Aliona kuta za mawe, minara pembeni, matundu ya kupitishia bunduki, na milango minne mikubwa ya mbao iliyochongwa nakshi. Tafakari hapo kidogo. Milango ya nakshi, tena chini ya milima ya Uluguru, safari ya siku nyingi kwa miguu kutoka kwenye mashua ya karibu! Simbamwene aliishi bara, lakini mlango wake ungeweza kukaa Unguja na mtu asiulize.

Na hakuwa mtawala wa kuchezewa. Stanley alipoondoka, mpishi wake alipotea njiani, na askari watatu waliotumwa kumtafuta wakaangukia mikononi mwa Simbamwene. Aliwafunga na kuwashikilia kwa sababu ya hongo, yaani ushuru wa njia, mpaka mfanyabiashara Mwarabu alipoingilia kati wakaachiwa. Katika kitabu chake Stanley analieleza jambo hili kama uhuni wa mwanamke mwenye tamaa. Mimi naliona kama kazi ya kawaida ya afisa forodha. Mwaka uliofuata, alipokuwa akirudi pwani, alikuta mafuriko ya Ngerengere yamebomoa sehemu ya ukuta na kusomba nyumba. Ngome haikurudi tena katika ukubwa ule. Msafiri wa leo asitegemee kukuta boma la kupiga nalo picha, ila jina la Simbamwene bado linasikika mjini, na ukoo wa Kisabengo uliendelea kutawala hadi enzi za ukoloni kupitia watawala walioitwa Kingo.

Waluguru wenyewe walikuwa juu. Ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya mlimani ilikuwa ya ukoo, si ya mtu mmoja. Kiongozi aliyefahamika zaidi alikuwa Kingalu wa Kinole, upande wa mashariki wa milima, ambako mvua za bahari ya Hindi hugota na kumwagika. Cheo chake kimerithishwa mpaka leo kwa jina lile lile, na soko kuu jipya la mjini limepewa jina la Chifu Kingalu. Ukitaka kuonja Uluguru bila kupanda mlima, pita hapo kabla jua halijawa kali. Utakuta magimbi, ndizi za kila aina, mananasi ya Kiroka na Mkuyuni, na pilipili manga na mdalasini kutoka Kinole na Tawa. Wakati wa msimu utakuta mapichi ya Mgeta yakipimwa kwa sado, madogo, yenye manyoya, magumu upande mmoja na mekundu upande mwingine. Pembeni yake yapo mashelisheli, tunda ambalo mtu wa Tanga au Unguja huapa kuwa ni la kwao.

Mapichi hayo na mboga za Mgeta yana historia ya wamisionari na Wajerumani ndani yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzia Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1882 walifungua misheni Morogoro kwa kufuata njia ile ile ya misafara. Matombo ilifuata mwaka 1897. Walipanda kahawa, wakajenga shule, wakaleta miche. Mpaka leo, padre mzee wa Morogoro atakupa historia ya jimbo lake akianzia ufukweni.

Kisha ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwishoni mwa 1907, na kwa muda mji ukawa mwisho wa reli. Hapo ndipo mji wa leo ulipopata umbo, kukiwa na stesheni, boma, miti kando ya barabara na mashamba ya mkonge kuzunguka, kuanzia Kingolwira hadi Mazimbu. Mzungu aliyeshindwa na joto la bondeni alipanda juu. Nyumba ya Morningside, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bado iko pale ubavuni mwa mlima, na kwa mgeni wa siku moja ndiyo matembezi yanayofaa zaidi. Kutoka mjini ni saa mbili au tatu kwa mguu wa mtu wa kawaida, ukipita mashamba ya wenyeji yaliyosimama kama ukuta. Ukiendelea hadi Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, unavuka mita 2,000, unaingia msitu wa hifadhi na unahitaji kibali. Msitu huo ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki. Anaishi humo ndege mmoja, jamii ya mbwigu, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Usiahidi watoto kwamba watamwona.

Vita vyenyewe viliingia mjini tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoiteka Morogoro. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, alikuwa ameshapenya milimani kuelekea Kisaki, na wapagazi wa Kiafrika wakibeba mizigo ya pande zote mbili kwenye njia za mteremko na matope ya mvua. Makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola yapo mjini, yamepangwa vizuri na nyasi zimefyekwa. Ya wapagazi usiyatafute.

Kipande cha historia kinachonikera kwa kusahauliwa ni cha 1955. Baada ya Vita vya Pili, serikali ya Waingereza iliingiwa na hofu kuwa udongo wa Uluguru unateremka mtoni na kwamba maji ya Ruvu yataharibika. Hofu ilikuwa ya kweli. Dawa yake ndiyo iliyokuwa balaa. Chini ya mpango ulioanza karibu na 1950, kila kaya ililazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, kwa urefu uliopangwa na bwana shamba, kwa siku zilizopangwa, na asiyechimba akapigwa faini. Upande wa Mgeta, wenye mboga na maji ya mifereji, matuta yaliweza kumlipa mkulima. Upande wa Matombo udongo mzuri ulikuwa tabaka jembamba juu. Ukichimba tuta unaufukia huo na kuuweka juu ule usioota kitu. Akina mama, ndio waliokuwa wakilima zaidi, waliliona hilo msimu wa kwanza tu. Wataalamu walihitaji miaka.

Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakaja, risasi zikafyatuliwa, mtu akauawa. Baada ya muda mpango wa matuta ukaachwa, na TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe, ikapata wafuasi milimani bila kutumia nguvu nyingi kuwashawishi. Ukipanda gari la Matombo leo, kupitia Kiroka na Mkuyuni, barabara inakuzungusha kwenye mandhari ambayo watalii wangelipia pesa nyingi. Sijaona kandokando yake kibao cha kukumbusha siku ile. Na ugomvi wenyewe haujaisha, umebadilisha tu nguo. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kila bomba likikauka Sinza au Mbagala, kidole kinaelekezwa kwa mkulima wa Uluguru, eti amekata miti. Huyo mkulima ndiye anayelala juu ya chanzo cha maji, na mara nyingi kijijini kwake hana bomba.

Mazimbu ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndipo mahali ambapo mgeni asipofika hajaiona Morogoro. ANC ya Afrika Kusini, ikiwa imepigwa marufuku kwao, ilifanya makao Morogoro, na kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969 ikafanya mkutano wake mjini. Wapiganaji wake walikuwa wameshindwa katika kampeni ya Wankie, huko Rhodesia, vijana wanalalamikia viongozi waziwazi, na chama kilikuwa karibu kupasuka. Kilitoka humo kikiwa kimepanga upya vita vyake na kufungua uanachama kwa watu wa rangi zote, ingawa si nafasi za juu. Kisha yakaja mauaji ya Soweto ya Juni 1976 na maelfu ya vijana waliokimbia nchi. Tanzania ikatoa shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Oliver Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi wa shahada wanapita na vitabu kwenye njia walizozijenga wakimbizi. Makaburi yao yapo hapo hapo: watu walioondoka nyumbani wakiwa vijana na kuzikwa kwenye ardhi ya mkonge.

Muziki nao haukukosa chumvi ya bahari. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, inasimuliwa kuwa ujanani alitoroka nyumbani akitafuta meli ya kumpeleka Cuba, akaishia Mombasa. Akarudi na kuipiga Cuba yake Morogoro, mpaka ajali ya gari ilipomuua mwaka 1965. Mpinzani wake alikuwa Morogoro Jazz, na humo akainukia Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa lake hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Baadaye aliunda Super Volcano, na Januari 1979 naye akafa kwa ajali, tena Mombasa. Mji wa ukubwa ule kutoa wawili kama hao ni ukarimu uliopita kiasi.

Kwa mwenye siku moja, nashauri apande treni ya alfajiri na aende Mazimbu kwanza, wakati jua bado pole. Sokoni aingie kabla ya saa sita, halafu achague kati ya Morningside na kula vizuri, kwa sababu muda hautoshi kwa vyote viwili kabla ya treni ya jioni. Matombo na Mgeta zinahitaji usiku wa kulala. Na ukinunua mapichi, chagua yale magumu. Yaliyoiva hayafiki Pugu.