Kidole cha Shangazi

Alizeti ilikuwa imekwisha kupigwa na magunia yamesimamishwa ukutani nilipofika Mgori kumjulia hali shangazi yangu. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla sijaletewa hata maji ya kunywa, alininyooshea simu. Binti yake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amempelekea, ile ambayo watu huiita simu ya kupangusa.

"Baba, wewe ni fundi," akaniambia. "Hebu mwulize huyu kwa nini hanijui."

Akaweka kidole juu ya kioo, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu. Kimya. Mjukuu wake wa miaka sita akagusa mara moja tu, picha zikafunguka. Shangazi akacheka, lakini nilimwona amefedheheka.

Simu haikuwa mbovu. Nilimshika mkono nikautazama. Ncha za vidole vyake zilikuwa sugu tupu, kavu, zilizotengenezwa na mpini wa jembe kwa zaidi ya miaka hamsini. Hapo nilielewa, maana kazi yangu imekuwa kufungua redio, na baadaye simu.

Wengi hudhani kioo cha namna hii huhisi nguvu ya kubonyeza. Sivyo. Hicho ni kapasita. Kapasita ni sahani mbili zinazopitisha umeme, katikati yake pana kitu kisichopitisha. Kadiri sahani zinavyokaribiana, ndivyo zinavyobeba chaji zaidi. Katika simu, sahani moja imefichwa chini ya kioo. Ya pili ni wewe mwenyewe, msomaji, kwa sababu mwili wa binadamu una maji na chumvi na hupitisha umeme. Ngozi iliyokauka haipitishi vizuri, na sugu humsogeza mtu mbali na kioo hata akibonyeza hadi kidole kimwume.

Wa rika langu walikwisha kuliona jambo hili bila kulijua jina. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika ua huohuo wa Mgori, tulisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye redio ya marehemu baba. Mtu akisogea karibu na eriali, sauti inakuja safi, akiondoka, mkwaruzo. Basi mtoto mmoja, mara nyingi mimi, aliamriwa asimame palepale mpaka taarifa ya habari iishe. Tulidhani ni ukaidi wa redio, kumbe ni mwili wangu uliokuwa umeingia katika mitambo yake.

Aliyelifanya jambo hilo kuwa chombo cha kazi ni Mwingereza, E. A. Johnson, wa taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern. Mwaka 1965 alichapisha makala fupi akieleza jinsi nyaya nyembamba za shaba, zikiwekwa mbele ya kioo cha rada, zinavyoweza kutambua kidole cha mwongoza ndege. Ila nyaya zake zilionekana. Mwaka 1972, katika maabara ya CERN kule Geneva, Bent Stumpe alipendekeza kuchora mistari ya shaba yenye upana wa mikroni 80, yaani chini ya sehemu ya kumi ya milimita, iliyoachana kwa nafasi kama hiyo, ili jicho lisiione. Vioo hivyo vilitumika katika chumba cha kuongozea mtambo wao mkubwa ulioanza kazi mwaka 1976. Vilikuwa na vitufe 16 tu.

Tangu hapo, historia yote ya kioo hiki imekuwa kazi ya kuondoa kilicho kati ya kidole na picha. Shaba ilibadilishwa kwa utando wa oksaidi ya indiamu iliyochanganywa na kiasi kidogo cha oksaidi ya bati, unaopitisha umeme huku ukipitisha na mwanga. (Bati ni lile lile ambalo wenzetu wa Kyerwa huchimba.) Simu za mwanzo zilizoleta kioo cha namna hii mikononi mwa watu wengi zilitoka mwaka 2007, na nyingi za wakati ule zilikuwa na kioo cha kugusa, kisha nafasi ya hewa, kisha displei. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, takriban asilimia 4 ya mwanga hurudishwa. Ndiyo maana ukiitoa simu ya zamani kwenye jua la Mgori saa saba mchana, unajiona sura yako badala ya ujumbe. Wahandisi wakaijaza nafasi ile kwa gundi angavu. Mwaka 2010 Samsung walitoa simu ambayo vihisio vilikaa juu ya displei yenyewe, na mwaka 2012 Apple wakaviingiza ndani yake. Simu yao ikashuka kutoka milimita 9.3 hadi 7.6.

Naistahi kazi hiyo, wala sisemi kwa kijicho. Lakini mimi naiona kutoka kwenye meza ya fundi. Zamani mteja akiangusha simu, nilibadilisha tachi peke yake, kwa bei ambayo mkulima angeweza kuilipa akiuza debe moja la mahindi. Leo tachi na displei vimegandamana kuwa kitu kimoja. Ufa mdogo wa juu unamlazimu mtu kununua vyote viwili, na mara nyingi namrudishia simu yake mkononi kwa sababu kioo kinakaribia bei ya simu nzima. Wembamba ule ule uliomkaribisha mtu kwenye picha umenifukuza mimi katikati.

"Lowesha kidole kidogo," nikamwambia shangazi.

Akalamba kidole kama ahesabuye noti, akagusa. Picha zikafunguka. Akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia.

Kisha akaigeuza simu, akaitazama ubavuni, jinsi ilivyo nyembamba.

"Na ikianguka?"

Nikamweleza, na bei nikamtajia. Hakusema neno. Aliifunga kwenye pembe ya khanga, akaiweka juu ya kabati, akachukua kitochi chake cha vitufe, akawasha taa yake na kwenda kuwafungia mbuzi.