Mkono wa Mnakili: Neno Lililochorwa katika Miswada ya Lamu

Uhakiki wa tendi za kale aghalabu huanzia kwenye matini iliyokwisha kutiwa katika hati za Kirumi, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa tangu awali. Mnakili husahauliwa, ilhali mkono wake ni ushahidi wa jinsi utendi ulivyosomwa na wenyewe.

Muhamadi Kijuma wa Lamu (takriban 1855–1945) alikuwa mshairi, mchonga nakshi na bingwa wa khati. Aliwanakilia tendi wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake imehifadhiwa London na Ujerumani, mbali na wasomi wa pwani. Fani zake hazikuachana sana. Neno la kuchongwa mlangoni sharti lipimwe kwanza lienee ubaoni. Katika muswada nako, vipande vinne vya ubeti hupangwa katika mstari mmoja, na mnakili hukadiria upana wa kila neno, hili alirefushe, lile alibane, ili kina cha mwisho kishuke wima katika safu yake. Jicho hukiona kina kabla sikio halijakisikia. Mpangilio huo huvunjwa kila ubeti unapochapwa kwa mistari minne.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika herufi. Mtoto aliyejifunza kuandika chuoni alifunzwa hati ya Kiarabu, isiyo na p wala v, na yenye alama tatu tu za irabu fupi. Kwa mwandiko wa kimapokeo, be ilisimamia b na p pia. Dhamma ilikuwa u au o. Hivyo popo na bubu ziliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akaamua kwa muktadha. Mhariri anayeandika popo kwa Kirumi amekwisha kuhakiki, ingawa hasemi.

Wala si kwamba Kirumi kimeziba kila pengo. Mfumo wa Kimvita uliofafanuliwa na Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl mwaka 1997 huongeza nukta kwenye herufi za Kiarabu, hata t ya meno ikatengwa na t ya ufizi. Tahajia Sanifu huziandika zote mbili kwa herufi moja.