Beseni, Taulo na Miguu ya Mwanaume Mwenzangu

"Yaya, mwanaume anashikaje miguu ya mwanaume mwenzake? Si aibu?"

Swali hilo aliniuliza kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Nyarugusu, tulipotoka kanisani kwa Wasabato. Sisi si Wasabato, tulialikwa tu. Kabla ya Meza ya Bwana wana kitu wanaita huduma ya unyenyekevu: wanaume wanakwenda upande wao, wanawake upande wao, halafu wawili wawili wanatawadhana miguu. Nilimjibu haraka, "Iko kwenye Biblia." Jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe. Basi naandika hapa nilichopaswa kumwambia.

Enzi za Yesu watu walitembea na makubazi kwenye vumbi. Kumwosha mgeni miguu ilikuwa kazi ya mtumishi. Injili ya Yohana, sura ya 13, inasema Yesu alijifunga kitambaa akawatawadha wanafunzi wake. Petro alikataa kwanza. Mimi namwelewa. Kupokea ni kugumu kuliko kutoa, na sisi tunaoishi kwa mgao tunalijua hilo vizuri. Tena Yuda alikuwa bado hajatoka. Na yeye alikuwa na miguu.

Karne ya 6, kule Italia, Benedikto aliwaandikia wamonaki wake kanuni. Ndani yake mgeni akifika, abati na wamonaki wote wamwoshe miguu, na maskini na wasafiri wapokelewe kwa uangalifu zaidi. Mwaka 694 mtaguso wa Toledo, Hispania, uliagiza kuosha miguu siku ya Alhamisi Kuu kusiachwe. Maana yake walikuwepo viongozi waliokuwa wanakwepa. Aibu ya kijana wetu si mpya.

Karibu na siku zetu, tarehe 24 Machi 2016, Papa Fransisko alikwenda kwenye kituo cha waomba hifadhi Castelnuovo di Porto, karibu na Roma. Aliosha na kubusu miguu ya watu 12, wengi wao wakimbizi, Wakristo, Waislamu na mfuasi mmoja wa dini ya Kihindu. Siku mbili kabla, mabomu yalikuwa yameua watu Brussels, na wengi Ulaya walikuwa wanawaogopa watu kama sisi. Yeye akawashika.

Aprili 2019 aliwaita Vatikani viongozi wa Sudan Kusini, Salva Kiir na Riek Machar wakiwemo. Akiwa na miaka 82, akapiga magoti kwa shida akabusu viatu vyao. Aliwaomba wabaki kwenye amani. Serikali ya pamoja iliundwa Februari 2020, lakini risasi hazikunyamaza zote. Siwezi kudanganya hapa: busu halifuti vita. Mikono haifanyi kazi ya mahakama wala ya mkataba.

Sasa inafanya nini?

Siku ile kwa Wasabato nilikaa na mzee mmoja. Kule kwetu Kivu ya Kusini, watu wa upande wake na watu wa upande wetu wamezikana sana. Nilitaka kubadilisha kiti, nikaona haya. Akaniuliza kwanza, "Mwanangu, unakubali?" Nikaitika. Akaniosha polepole, kama anaosha mtoto, akapangusa hata katikati ya vidole. Zamu yangu ikafika. Mguu wake wa kushoto una kovu refu. Sikuuliza limetoka wapi. Nililishika tu kwa maji ya uvuguvugu, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Vijana wengi ninaofanya nao kazi, mkono wa mwisho wa mwanaume waliouonja ulikuwa wa kupiga, wa kupekua au wa kusukuma kwenye foleni. Wanahitaji kujua kuna mkono mwingine, unaoomba ruhusa kwanza, haufichi kitu, na haudai malipo.

Sijui kama mimi na mzee yule tumepatana kwa yote. Tukikutana bombani ananishika bega na kuuliza habari za mama. Zamani nilikuwa nachukua njia nyingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, aibu ipo, ndiyo. Hata Petro aliisikia. Toa tu viatu.